TVS HLX ao Boxer: namna ya kuchagua pikipiki ya kazi katika Kivu na Ituri

Kwenye parkingi za wamotari, kuanzia Butembo na Beni mpaka Bunia na Bukavu, majina mawili yanarudi kila siku: TVS na Boxer. Zote mbili zinatoka India. Zote mbili zina moteri ya silinda moja inayopozwa na upepo, na watu wengi wanazinunua kwa kazi moja tu: kubeba abiria na mizigo kutoka asubuhi mpaka jua linazama. Bei zao hazipitani sana. Ndiyo maana mabishano hayaishi, kila mmoja akitetea ile anayoiendesha.

Kwa familia nyingi lakini, haya si mabishano ya kupitisha wakati. Pesa ya kununua pikipiki mara nyingi imetoka kwa likelemba, kwa mkopo wa AVEC, kwa ng'ombe iliyouzishwa ao kipande cha udongo kilichoenda. Ikiwa pikipiki inalala kwa fundi mwezi wa tatu, deni halilali. Habari hii inaeleza mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa, zaidi kwa TVS HLX 125 na Boxer ya ukubwa wa karibu na hiyo.

Zinatoka wapi

Boxer inatengenezwa na Bajaj Auto, kampuni ya mji wa Pune, magharibi ya India. Kwa miaka mingi Bajaj ilifanya kazi pamoja na Kawasaki ya Japani, na Boxer za kwanza zilikuwa na alama ya ushirika huo. TVS HLX inatoka kwa TVS Motor, yenye kiwanda kikubwa Hosur, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini ya India. TVS nayo ilikuwa na mwalimu wa Japani: ilishirikiana na Suzuki mpaka 2001, kisha kila mmoja akashika njia yake. Kwa hiyo anayesema moja ni "ya Japani" na nyingine ni "ya Wahindi tu" anakosea. Zote mbili ni za India, na zote mbili zimepita shule ya Japani.

HLX ilitengenezwa kwa ajili ya masoko ya inje ya India, na Afrika ndiyo soko lake kubwa. Boxer vilevile ni pikipiki ya kazi inayojulikana Afrika kupita kwao. Hizi mbili zimechukua nafasi ya zile za zamani zilizobeba mapadri, waganga na watu wa mashirika, kama Yamaha AG 100, ambayo ilikuwa na nguvu lakini bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida.

Katika eneo la Beni na Butembo, nyingi zinapita bandari ya Mombasa, zinavuka Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Nyingine zinafika zikiwa bado vipande katika kasha, na mafundi wa mjini ndio wanaziunga. Hilo ni jambo la kukumbuka: pikipiki mbili za jina moja zinaweza kuwa tofauti kwa sababu ya mkono uliokaza vis.

Namba ya ubavuni si kila kitu

Cc ni kipimo cha nafasi ndani ya silinda. Namba iliyoandikwa ubavuni ni jina la biashara kwanza. Boxer 150 kwa kweli ina cc 144.8, na Boxer 100 ina cc 99.27. Kwa hiyo mtu asilipe dola nyingi zaidi kwa sababu tu namba ya moja ni kubwa kidogo kupita ya nyingine.

Linalohesabiwa kwa motari ni nguvu ya chini, ile inayoondoa pikipiki wakati abiria amekaa nyuma na gunia liko katikati. Mwendo wa mwisho hauna faida sana kwenye barabara zetu. Njia nzuri ya kujua ni kuomba kujaribu pikipiki ya mtu wa parkingi, watu wawili wazito juu, kwenye mlima ambao mnunuzi ataupanda kila siku. Kama inapanda na vitesi ya pili bila kulia na bila kuzimika, inatosha. Kama lazima kurudi kwa vitesi ya kwanza kila mara, embrayaji itaisha mapema.

Anayejua kwamba kazi yake ni mizigo mizito na safari ndefu, kwa mfano kupeleka ndizi na makala kutoka vijiji, afikiri juu ya daraja la 150. Kwa kazi ya ndani ya mji, 125 inatosha, na kwa sehemu tambarare hata 100 inafanya kazi.

Mlima unakula nguvu

Butembo iko juu ya metre 1,700 kutoka usawa wa bahari. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1,500. Uvira iko chini zaidi, karibu na ziwa Tanganyika ambalo liko metre 770 na kidogo. Hewa ya juu ni nyepesi, na moteri yenye karburateri inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila metre 1,000. Ni kusema, pikipiki ileile iliyo na nguvu Uvira itaonekana mchovu Butembo, na kosa si la TVS wala la Boxer.

Kuna jambo lingine. Hewa ikipungua na esansi ikabaki ileile, moteri inakula kupita kiasi. Dalili ni buji nyeusi yenye masizi, moshi mweusi na harufu ya esansi. Fundi anayejua kazi anarekebisha karburateri kufuatana na mahali. Pikipiki iliyonunuliwa mahali pa chini na kupandishwa mlimani ipitishwe kwa fundi wiki ya kwanza.

Mafundi wengi wanabadilisha pia gurudumu la meno la nyuma ili pikipiki ipande vizuri. Mfano: meno 14 mbele na 42 nyuma yanatoa 3.0, ukiweka 45 nyuma inakuwa 3.2. Pikipiki inapata nguvu ya mlima, lakini inapoteza mwendo na moteri inazunguka zaidi kwa kila kilometre. Kwa mtu wa Butembo ni biashara nzuri. Kwa mtu anayekaa katika barabara tambarare ni kupoteza esansi.

Barabara mbaya na mzigo

Boxer inajulikana kwa amortiseri zake za nyuma zenye springi ndani ya springi. Maana yake ni rahisi: springi ya kwanza inafanya kazi kwa mzigo mdogo, ya pili inasaidia mzigo ukiwa mzito. Wanaoipenda wanasema haichoki haraka kwenye mawe. Wanaopenda HLX wanasifu kiti chake kirefu, na namna abiria wa nyuma asivyoumizwa katika safari ndefu. Maneno haya yote mawili yana ukweli, lakini hakuna amortiseri inayodumu na mzigo wa kupita kiasi.

Kiwanda kinahesabu watu wawili na mzigo kidogo. Hapa kwetu inabeba watu watatu ao wanne, tena na mfuko wa simenti. Raya za magurudumu zinalegea, chasisi inapasuka kwenye soda, na breki za ngoma hazitoshi tena kwenye mteremko. Wakati huo hakuna alama ya India inayookoa mtu. Ajali nyingi za mteremko zinaanzia hapo: mzigo mzito, breki iliyoisha na mvua.

Mapiese ndiyo yanaamua

Hapa ndipo uchaguzi wa kweli unafanyika. Mfano wa hesabu ndogo unaonyesha sababu.

Tuseme pikipiki moja inatembea kilometre 45 kwa litre moja ikiwa imebeba, na nyingine kilometre 40. Motari anafanya kilometre 120 kwa siku. Ya kwanza inakunywa litre 2.67, ya pili litre 3. Tofauti ni theluthi moja ya litre kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni karibu litre 9 kwa mwezi. Ni pesa, kweli. Lakini pikipiki ikisimama siku mbili tu kwa mwezi juu ya kipande ambacho hakipatikani, motari amepoteza mapato ya siku mbili nzima, na mwenye pikipiki bado anangoja pesa yake ya wiki. Mara nyingi siku hizo mbili ni nzito kupita litre 9.

Kwa hiyo swali la kwanza si "gani inakunywa kidogo?" Swali ni "gani inatengenezwa karibu na nyumbani?" Mnunuzi atembee kwenye maduka matatu ya mapiese ya sehemu yake na kuuliza bei ya vitu hivi: shene pamoja na magurudumu yake ya meno, viatu vya breki, diski za embrayaji, buji, kable ya gazi, pistoni na seti yake. Aandike kwenye karatasi. Kama vya Boxer vinapatikana pote na vya TVS mahali pamoja tu, jibu limekwisha kutoka. Kinyume chake vilevile. Majibu ya Mambasa yanaweza kuwa tofauti na ya Butembo.

Aangalie pia mapiese ya bandia. Kifurushi kinafanana, jina limeandikwa vizuri, lakini shene inarefuka kisha wiki chache. Bei ya chini sana ni onyo la kwanza. Maandishi yaliyofutika, herufi zenye kosa na chuma chepesi mkononi ni maonyo mengine. Jina likiwa maarufu, bandia yake nayo inakuwa nyingi: hilo linagusa TVS na Boxer sawasawa.

Mbele ya kutoa pesa

Kwa pikipiki mpya, namba ya chasisi na namba ya moteri zisomwe na macho, kisha zilinganishwe na faktire na karatasi za duane. Herufi moja ikikosa, karte roze inaweza kukataa kutoka, na kila kizuizi cha barabara kitakuwa pa kutoa pesa. Faktire iwe na jina la mnunuzi mwenyewe, si la jirani ao la mkubwa wa likelemba.

Kwa pikipiki ya okazio, moteri iguswe ikiwa baridi kwanza. Muuzaji aliyeipasha moto mapema anaweza kuwa anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu ni mafuta yanayoungua ndani, na hiyo ni gharama ya pistoni. Gidoni izungushwe pole pole. Ikikwama katikati, biye zimekula. Chini ya kiti na karibu na shingo ya chasisi, soda mpya iliyopakwa rangi inaeleza ajali ya zamani.

Kama motari ataendesha pikipiki ya mtu mwingine, makubaliano yaandikwe: pesa ya kila wiki ni kiasi gani, nani analipa mafuta ya moteri, nani analipa kipande kikubwa kikikufa, na siku za ugonjwa ao za barabara kufungwa zinahesabiwa namna gani. Urafiki mwingi umevunjika juu ya pistoni moja.

Siku za kwanza

Pikipiki mpya haipaswi kupigwa kazi nzito siku ileile. Kilometre 1,000 za kwanza ni za kuzoesha vyuma: mwendo wa wastani, bila kukaza gazi mpaka mwisho, bila mzigo mkubwa mlimani. Mafuta ya kwanza yanabadilishwa mapema, kama kitabu cha kiwanda kinavyoomba, kwa sababu yanabeba unga wa chuma. Moteri hizi zinachukua karibu litre 1 tu. Kwa motari wa kilometre 120 kwa siku, kilometre 1,500 zinafika kisha siku 13 za kazi. Anayengoja mwezi mzima anaendesha na maji meusi.

Esansi ya kwenye chupa za kadhafi isaidie siku ya shida. Ikiwa ndiyo ya kila siku, ichujwe na kitambaa safi, na chujio dogo la kwenye mrija libadilishwe mara kwa mara. Maji na mchanga vinaua karburateri ya TVS na ya Boxer bila kuchagua.

Kwa ufupi

TVS HLX 125 na Boxer ya ukubwa wa karibu ni pikipiki za kazi zinazolingana. Tofauti kati yazo ni ndogo kupita tofauti kati ya motari anayebadilisha mafuta na yule asiyebadilisha. Mwenye mizigo mizito na mawe mengi anaweza kuegemea Boxer na springi zake. Mwenye abiria wengi wa safari ndefu anaweza kuegemea HLX na kiti chake. Lakini wote wawili wafuate kwanza fundi wanayemwamini na duka la mapiese lililo karibu.

Na pesa isiishe yote kwa pikipiki. Inayobaki inunue kaske mbili, moja ya motari na moja ya abiria, na litre moja ya mafuta ya moteri ya kuweka nyumbani. Pikipiki ikivunjika, pistoni inauzwa sokoni. Kichwa cha baba wa familia hakina duka.