Picha za Khedive Ismail

Ukitafuta picha za meli Khedive Ismail hutahangaika, zipo. Utaiona ilipokuwa bado inaitwa Aconcagua, meli ya abiria ya kampuni ya Chile, iliyoundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922. Mwaka 1935 ikauzwa kwa Khedivial Mail Line ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Vita vilipopamba moto Waingereza wakaichukua kubebea askari. Mpaka hapo ni hadithi ya chuma, na chuma kina bahati yake, ndugu msomaji: wenye kamera walikipenda.

Kwa watu ndiko mambo yanapokuwa magumu.

Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Ndani walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, vijana waliokuwa wakipelekwa upande wa Bama, kama wazee wetu wanavyoiita Burma. Walikuwamo pia mabaharia na wauguzi wanawake.

Jumamosi tarehe 12, mnamo saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili. Haikumaliza hata dakika tatu juu ya maji. Yaani hata chai haijachemka! Wakafa watu 1,297, wakapona 214. Na wale waliokuwa wakielea hawakuwa salama bado, kwa sababu manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliisaka nyambizi kwa mabomu ya majini huku watu wamo majini. I-27 nayo ikazamishwa siku hiyo hiyo.

Baadaye Mwingereza Brian James Crabb aliandika kitabu kizima juu ya meli hii, Passage to Destiny. Vizuri sana. Lakini mbona sisi tunaoshika kalamu huku hatujaandika chetu?

Hapa kwetu Ilomba, Mbeya, mbali kabisa na pwani, kuna bibi mmoja jirani ambaye kaka yake mkubwa alichukuliwa vita vya Hitler. Amebaki na sanduku la bati la mama yake, na ndani yake, kwenye kitambaa, kifungo kimoja cha shaba. Picha hakuna. Nilipomuuliza alinijibu:

“Walisema amezama, mjukuu wangu. Mama akawa anauliza, amezama wapi? Yeye bahari alikuwa hajaiona.”

Jina la meli hawakuambiwa.

Nimeshaandika sura mbili za riwaya yangu. Meli naiona vizuri, mlingoti mpaka ngazi, maana picha zimenisaidia. Kijana wa Mbeya anayepanda ngazi hizo namwandika kwa mgongo tu, uso sijaupata.

Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, upo mnara wa kumbukumbu wenye majina ya baadhi ya waliozama na Khedive Ismail. Jina la kaka wa bibi nimelinakili kwenye daftari, pamoja na la baba yake. Nauli nimeanza kuiweka kidogo kidogo.