Baridi Yabisi ya Soriasisi: Ugonjwa Uliochelewa Kutambuliwa

Baridi yabisi ya soriasisi huanza pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe, ikashambulia ngozi, viungo, na sehemu ambapo kano hushikana na mfupa. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliona mapema, mwaka 1818, kwamba magamba ya ngozi yaitwayo soriasisi na maumivu ya viungo huandamana. Sura tano za ugonjwa huu zilielezwa mwaka 1973 tu, na watafiti Moll na Wright wa Leeds, Uingereza.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba Mwafrika karibu hapati kabisa ugonjwa huu. Ukweli ulikuwemo: uchunguzi wa vijijini Tanzania ulikuta soriasisi kwa asilimia 0.09 tu ya watu. Lakini macho nayo hayakufundishwa. Picha za vitabuni zilionyesha mabaka mekundu juu ya ngozi nyeupe, ilhali kwenye ngozi nyeusi baka huelekea zambarau au kijivu, na likipona huacha weusi. Ni rahisi kulidhania choa, au hata ukoma, ingawa baka la ukoma hufa ganzi na hili halifi.

UKIMWI ndio uliovunja imani hiyo. Ulipoenea Maziwa Makuu na nchi jirani katika miaka ya 1980, wagonjwa wa baridi yabisi ya soriasisi wakaanza kuonekana. Huko Lusaka, Zambia, watafiti Njobvu na McGill walichunguza wagonjwa 28 wa baridi yabisi hii na kukuta 27 wana VVU. Viungo vingi viliumia kwa pamoja, hasa vya miguu, na hali ilizidi kuharibika. Ni ushahidi mzito: ugonjwa ulioitwa wa Wazungu ulikuwa umepata mlango mwingine.

Kwa hiyo hata mahali kama Mwakiro, iliyokuwa komini ya mkoa wa Muyinga nchini Burundi, ambako watu wengi huishi kwa jembe, kidole kilichovimba chote, kucha zenye vishimo, kisigino kinachouma na viungo vinavyokakamaa asubuhi havifai kuachiwa chuku na dawa za maumivu peke yake. Kiungo kikishaliwa hakirudi. Kipimo cha VVU hutangulia, kwani dawa za kufubaza virusi mara nyingi hutuliza ngozi na viungo pia. Prednisoloni ya vidonge, inayonunuliwa kirahisi, ni hatari: ikikatizwa ghafla, soriasisi inaweza kulipuka kwa malengelenge ya usaha. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Anayeitumia hupimwa damu na ini, huacha urwarwa na pombe nyingine, na mwanamke haitumii akiwa mjamzito. Dawa za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, zilizoanza kuruhusiwa kwa ugonjwa huu Marekani mwaka 2002, huokoa viungo vizuri zaidi, lakini bei yake ni kubwa mno, na kabla ya kuzianza lazima kifua kikuu kitafutwe, maana huweza kuamsha kile kilicholala.