Charles Semlin, mfugaji aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo

Wanafunzi wetu wakisikia neno mwanasiasa hufikiria suti na magari. Leo tunawaletea habari za mtu aliyeingia bungeni akitokea zizini.

Charles Semlin alizaliwa Ontario, Kanada, mwaka 1836, akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1862 habari za dhahabu zilimvuta hadi British Columbia, upande wa Bahari ya Pasifiki. Lakini mali iliyodumu mkononi mwake ilikuwa ng'ombe, katika ranchi yake huko Cache Creek.

Mwaka 1871 British Columbia ilijiunga na Kanada, naye akachaguliwa katika bunge la kwanza la jimbo. Mwaka 1874 ilifunguliwa shule ya bweni Cache Creek, naye alikuwa miongoni mwa walioipigania. Wafugaji waliishi mbalimbali, mtoto hawezi kwenda na kurudi kila siku. Sisi walimu hilo tunalielewa vizuri.

Alishindwa uchaguzi wa 1875, akarudi bungeni 1882, akaongoza upinzani, na mwaka 1898 akawa waziri mkuu wa jimbo. Serikali yake ilipitisha sheria ya saa nane za kazi kwa wachimbaji wa migodi ya madini. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Bunge lile la kwanza, mwaka 1872, lilipitisha sheria ya kuwanyima kura Wachina na wenyeji asilia wa nchi hiyo, na serikali yake haikuifuta. Wachina walirudishiwa haki hiyo 1947, wenyeji 1949. Waliochimba migodi na kutengeneza reli hawakuwa na neno katika kuchagua mtawala!

Anguko lake lilikuja Februari 1900. Serikali ilishindwa bungeni kwa kura moja tu, na Gavana McInnes, mwakilishi wa Malkia, akamfukuza, ingawa Semlin alisema ana wabunge wa kutosha kumuunga mkono. Gavana akamteua Joseph Martin, ambaye Semlin mwenyewe alikuwa amemtoa serikalini. Bunge likamkataa Martin kwa kura 28 dhidi ya 1, nayo hiyo moja ni yake mwenyewe. Juni mwaka huohuo Martin akashindwa uchaguzi, na serikali ya Kanada ikamwondoa Gavana naye.

Semlin hakurudishiwa uwaziri mkuu. Alifariki mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90.