Sifa, Deheni na Kalafati: Historia ya Utunzaji wa Jahazi katika Msamiati wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza maneno matatu ya utunzaji wa vyombo vya tanga. Yanadai kuwa vyombo vyenyewe huoza, lakini msamiati wake huhifadhi hatua za ufundi, madhali maana zake hazijasahauliwa.

Jua na chumvi huzipausha mbao za jahazi hadi zikageuka kijivu na kufanya nyufa. Katika pwani ya Waswahili, chombo kilichochakaa hivyo kilipwelezwa wakati wa bamvua. Maji yalipokupwa, kilikwanguliwa na kusuguliwa. Ndipo ikaja kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Sehemu ikaayo majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa uliozuia minyoo itoboayo mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa.

Ufundi huu ni wa kale katika bahari zetu. Ibn Jubayr, aliyepita Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliandika kuwa vyombo vya huko, vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, vilipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Neno deheni nalo limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupaka mafuta.

Leo mengi ya haya huitwa "kupaka rangi" tu. Hata hivyo, rangi hufanya utando juu ya mbao, ilhali sifa hupenya ndani. Neno likipotea, tofauti hiyo ya kiufundi hupotea nalo.

Suala hili linaihusu hata Munkunyu, wilayani Kasese, mbali na bahari. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa sifa ni maelezo mema tu, akisoma kwamba jahazi "lilipakwa sifa," atadhani lilisifiwa.

Inapendekezwa, basi, kwamba vitabu vya kiada viingize msamiati wa kazi pamoja na zana na hatua zake. Aidha, wavuvi wa Katwe, kwenye Ziwa Edward, nao huziba mitumbwi yao. Istilahi zao za Kikonzo zikusanywe sasa na kulinganishwa na hizi za pwani, ili Kiswahili kiingie Kasese kwa kupokea na si kwa kufundisha tu.