Gumzo la Jumamosi Usiku: Historia ya The Late Late Show kwa Jicho la Mhakiki wa Fasihi

Mwaka wa 1962 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia ya runinga ya nchi mbili zilizopata kutawaliwa na Mwingereza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo runinga ilianza nchini Kenya, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru. Miezi mitatu awali, Ijumaa tarehe 6 Julai, kituo kichanga cha Telefís Éireann mjini Dublin, Ayalandi, kilikuwa kimerusha kipindi kipya cha gumzo kilichoitwa The Late Late Show. Kipindi hicho kilinuiwa kujaza pengo la majira ya kiangazi tu, kisha kizikwe. Hakikuzikwa. Kilihamishiwa Jumamosi usiku, kikakita mizizi hapo hadi mwaka wa 1985 kiliporejeshwa Ijumaa, na hadi leo kingali hewani. Makala haya yanadhamiria kuichunguza historia hiyo kwa jicho la mhakiki wa fasihi, na kuuliza ni kwa nini runinga yetu, iliyozaliwa mwaka uo huo, ilishika njia nyingine.

Huenda wewe unayefunza Mau Narok unajiuliza: yanatuhusu nini ya Dublin? Huku kwetu, kwenye nyanda za ngano, shayiri na viazi kati ya Njoro na Narok, runinga kwa muda mrefu ilikuwa ile ya betri ya gari. Betri hupelekwa sokoni kuchajiwa, mlingoti wa antena huzungushwa kwenye ukungu hadi chenga zipungue, na sebule ya mtu mmoja hugeuka ukumbi wa kijiji kizima. Sasa itazame sebule ile kama mwanafunzi wa fasihi simulizi. Ina hadhira. Hadhira hiyo hucheka, hukemea, hubishana na kioo, na aghalabu mazungumzo matamu zaidi huja baada ya kipindi kwisha. Mtu aliyegundua huko Dublin kwamba hadhira ya namna hiyo yaweza kuingizwa ndani ya kipindi chenyewe ndiye ninayetaka tumjadili.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na kazi yetu. Mtahiniwa wa KCSE huweza kutakiwa kuandika mahojiano au dayalojia katika Karatasi ya Kwanza. Wengi (na hili atalikubali yeyote aliyepata kusahihisha rundo la insha hizo) huandika hojaji badala ya mahojiano: jina lako ni nani, ulizaliwa wapi, una ujumbe gani kwa vijana. Maswali yanafuatana kama mabehewa, na jibu la kwanza halizai swali la pili. Mtahiniwa huyo hana kosa sana, kwani hajaonyeshwa mazungumzo yanavyopanda na kushuka.

Turejee Dublin. Runinga ya taifa la Ayalandi ilikuwa imezinduliwa tarehe 31 Desemba 1961, na Rais Eamon de Valera, katika hotuba yake ya uzinduzi, hakuficha hofu yake kuhusu nguvu za chombo hicho. Ayalandi ya wakati huo ilikuwa nchi ya kilimo na ya dini, ambapo neno la askofu lilikuwa na uzito kuliko la waziri. Uuzaji wa vidhibiti uzazi ulikuwa umepigwa marufuku tangu mwaka wa 1935. Talaka ilikatazwa na katiba. Mambo haya hayakuzungumzwa hadharani, na pengine hata faraghani.

Katika mazingira hayo alipewa kipindi kijana wa miaka 27, Gay Byrne. Wazo lenyewe halikuwa geni. Wamarekani walikuwa na The Tonight Show tangu mwaka wa 1954, na meza, viti vya wageni na mzaha wa kufungulia ni vya huko. Tofauti ilikuwa katika mambo mawili. Kwanza, kipindi kilirushwa moja kwa moja, na si kwa kuhaririwa. Kilichotamkwa kilikuwa kimetamkwa. Pili, watu waliokaa ukumbini hawakuwekwa pale kupiga makofi. Waliruhusiwa kuuliza, kupinga na hata kumkatiza mgeni. Kwa istilahi zetu, hadhira tuli iligeuzwa hadhira tendi. Usisahau pia kwamba hadi Novemba 1978 nchi hiyo ilikuwa na idhaa moja tu ya runinga ya kitaifa. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, nje ya makanisa, watu wengi walikuwa na mada moja.

Tukio lililokipa kipindi umaarufu lilitokea Jumamosi, tarehe 12 Februari 1966, nalo lilianza kama mchezo. Mume na mke waliulizwa maswali kila mmoja kivyake ili kuona kama majibu yao yataoana. Mke alipoulizwa vazi lake la kulalia usiku wa arusi lilikuwa la rangi gani, alijibu kwamba lilikuwa la kupenya macho. Kisha akaongeza kwamba huenda hakuvaa chochote. Ukumbi ukacheka. Askofu wa Clonfert, Thomas Ryan, hakucheka. Usiku uo huo katibu wake alilipigia simu gazeti moja, na asubuhi yake askofu akakilaani kipindi madhabahuni. Byrne alilazimika kueleza masikitiko yake kwa waliokwazika. Majuma machache baadaye, mwanafunzi wa chuo kikuu aliketi katika kiti cha mgeni na kumtusi askofu mwingine, wa Galway, kwa kujenga kanisa kuu ambalo yeye aliliona la kuchusha.

Vijana wetu wakisoma habari hizi watacheka, waseme: makelele yote kwa sababu ya gauni la kulalia? Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kuwasimamisha. Gauni lile ni ishara. Kilichogombewa ni nani mwenye haki ya kusema, na mbele ya nani. Mwanamke wa kawaida alikuwa amelizungumzia tendo la ndoa mbele ya taifa zima, akalifanyia mzaha, na dunia haikupasuka. Mwanasiasa mmoja, Oliver J. Flanagan, anakumbukwa hadi leo kwa kudai kwamba ngono haikuwako Ayalandi kabla ya runinga. Alikusudia lawama, ukiisoma kauli hiyo kama kinaya, utaona kwamba bila kutaka alikisifu kipindi.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, usiku ulio bora zaidi kwa uchambuzi wa kifasihi ni ule wa tarehe 6 Machi 1971. Wanawake wa chama kipya cha ukombozi walialikwa kueleza madai yao: malipo sawa, haki mbele ya sheria, elimu, uzazi wa mpango. Mbunge Garret FitzGerald alikuwa nyumbani akitazama. Mjadala ulipopamba moto aliondoka kwake, akaenda studioni, akaingia, akajitosa katika mabishano. Utulivu ukatoweka, sauti zikapandana. Mtu huyo miaka kumi baadaye alikuwa waziri mkuu. Hebu tafuta tamthilia ambamo mtu anainuka kutoka miongoni mwa watazamaji, anavuka mstari wa jukwaa na kuwa mhusika. Katika ngano za kwetu jambo hili si geni, maana fanani hupokewa na hadhira wakati wowote. Katika tamthilia andishi ni nadra. Sheria ya kulegeza marufuku ya vidhibiti uzazi ilipitishwa mwaka wa 1979, na talaka ikaruhusiwa kwa kura ya maoni ya mwaka wa 1995. Siwezi kusema kipindi ndicho kilicholeta hayo. Nathubutu kusema tu kwamba waliopiga kura walikuwa tayari wamewasikia majirani wao wakizungumza.

Tusiipambe Ayalandi kupita kiasi. Serikali yake nayo iliminya midomo: kwa miaka mingi wasemaji wa Sinn Féin hawakuruhusiwa kusikika katika utangazaji wa taifa, na marufuku hiyo iliondolewa Januari 1994 tu. Oktoba mwaka huo Gerry Adams alialikwa katika kipindi, na Byrne, mwenyeji wake, hakumpa mkono. Mkono ule usionyoshwa ni fundisho kamili kuhusu viziada lugha. Mtahiniwa angeuandika ndani ya parandesi kwa maneno matatu. Byrne alistaafu Mei 1999, akafariki Novemba 2019. Baada yake wameshika usukani Pat Kenny, Ryan Tubridy na, tangu mwaka wa 2023, Patrick Kielty.

Na Kenya je? Mnamo tarehe 1 Julai 1964 shirika la utangazaji lilitaifishwa likawa Sauti ya Kenya, chini ya wizara ya serikali. Hadi Machi 1990, KTN ilipoanza, Wakenya walikuwa na kituo kimoja tu cha runinga. Mazungumzo ya moja kwa moja ambapo mwananchi anaweza kumkatiza waziri hayakuwa na nafasi katika utaratibu huo, hususan baada ya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria mwaka wa 1982. Lakini maneno hayana mlango wa kufungwa ukafungika. Yalipozuiwa katika gumzo, yalipitia mchezoni. Vioja Mahakamani ilitupa kizimba, hakimu na mshtakiwa asiyeishiwa visingizio. Vitimbi ikatupa ndoa ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Mhakiki akitazama kwa makini ataona kwamba kizimba kile ndicho kilichokuwa kiti chetu cha mgeni: mnyonge anaulizwa na mwenye mamlaka, anajibu kwa ujanja, na ukumbi wa kitaifa unacheka pamoja naye. Marehemu Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang' na kutuaga Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Kwa kijiji cha Bonde la Ufa chenye lafudhi nne au tano, kicheko hicho cha pamoja hakikuwa kitu kidogo.

Sikubaliani, hata hivyo, na wale wanaosema kichekesho kilitosha. Mshtakiwa wa Vioja hakuwahi kuwa mtu halisi mwenye malalamiko halisi. Mwaka wa 1998, na tena mwanzoni mwa 2008, maeneo ya Njoro yaliyopakana nasi yaliona majirani wakichomeana nyumba, na maswali ya ardhi yaliyokuwa nyuma ya moto huo hayakuwa yamepata meza ya kuwekwa mbele ya wote. Yalikuwa yakizungumzwa, ndiyo, ila kila kundi kwa lugha yake na kwa wenzake. Tume ya Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilizitaja baadhi ya redio za lugha za mama kuwa zilichangia uchochezi. Uhuru wa kusema ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili kuketi ukumbini na kujibu.

Jambo la lugha pia linasikitisha. Kwa miaka na mikaka runinga yetu iliipa Kiswahili habari za saa moja jioni na vichekesho, na Kiingereza kikapewa habari za saa tatu na mazungumzo mazito ya usiku. Hata gumzo lililotikisa zaidi miaka ya karibuni, la Jeff Koinange usiku wa Jumatano, liliendeshwa kwa Kiingereza. KTN ililisitisha Novemba 2016 baada ya maneno machafu kurushwa hewani, nalo likahamia Citizen mwaka uliofuata. Mwanafunzi akikua hivyo atadhani Kiswahili ni cha kuchekea tu, na kwamba ukitaka kumbana mkubwa kwa maswali sharti ubadilishe ndimi. Kisha tunamshangaa akitupa mahojiano makavu katika mtihani.

Jaribu hili darasani, mwalimu, kabla ya kuwapa insha. Chukua Kigogo ya Pauline Kea. Mkalishe Majoka kitini pa mgeni, mpe mwanafunzi mmoja uendeshaji, na umweke Tunu mahali fulani kati ya hadhira, asiyetarajiwa. Mkataze mwendeshaji kuandika maswali zaidi ya mawili. Mengine yazaliwe na majibu. Tunu ainuke pale atakapoona panafaa, aulize kuhusu soko la Chapakazi. Kisha waambie wote waandike, ndani ya parandesi tu, kile alichokifanya Majoka kabla hajafungua mdomo kujibu.