UZI: Kitengela haijawahi kuwa na meya

1/ Kila mvua ikinyesha na majitaka yamwagike barabarani, mjadala wa Kitengela ni uleule: "Turudishieni meya na madiwani!" Wadau, tutulie kidogo. Huyo meya hakuwahi kuwepo.

2/ Kabla ya 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza 175 chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265: ya majiji, manispaa, miji na kaunti. Meya alikuwa wa jiji au manispaa. Baraza la kaunti lilikuwa na mwenyekiti. Na Kitengela ilikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Olkejuado, makao yake Kajiado mjini.

3/ Madiwani wengi walichaguliwa na wananchi, wengine waliteuliwa na waziri. Wao ndio walimchagua mwenyekiti. Lakini karani wa baraza, yaani mkuu wa watendaji, aliletwa na serikali kuu. Tena tangu 1970 mabaraza ya kaunti yalikuwa yamenyang'anywa shule za msingi, afya na barabara. Kwa hivyo ile "zamani tulijitawala" ina mashimo mengi.

4/ Mji nao haukungoja. Ranchi za jamii huko Kaputiei ziligawanywa, ploti zikauzwa, na viwanda vya EPZ pale Athi River, upande wa Machakos, vikaleta wafanyakazi waliotafuta nyumba za kupanga. Sensa ya 2009: watu kama 58,000. Ya 2019: 154,436. Kajiado mjini, makao makuu, haikufika hata 30,000.

5/ Mabaraza yalikufa na uchaguzi wa Machi 2013. Ikaja Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Mwanzoni manispaa ilihitaji watu 250,000. Marekebisho ya 2019 yakashusha hadi 50,000. Kitengela imevuka hapo mara 3.

6/ Sasa sikiza hapa. Manispaa ya leo inaongozwa na bodi ya watu 9. Ndani yake yuko waziri wa kaunti anayehusika na miji na afisa mkuu wake. Wanne hupendekezwa na vyama vya wataalamu, sekta binafsi, jua kali na wakaazi. Gavana huteua, bunge la kaunti huidhinisha. Meneja huajiriwa. Wewe humpigii kura hata mmoja.

7/ Wanaotetea mfumo huu wanasema madiwani walifanya mji kuwa uwanja wa siasa na wa kugawana ploti. Hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyechaguliwa ungemtoa baada ya miaka 5. Wa bodi utamtoaje?

8/ Na pesa? Bajeti ya bodi hupita bunge la kaunti. Kajiado ina wadi 25. Wadi ya Kitengela ina MCA mmoja tu, hata kama mji umemwagikia wadi jirani.

9/ Kwa hivyo akija mgombea na ahadi ya "kurudisha meya", muulize maswali 3. Kodi ya ploti zetu inarudi hapa kiasi gani? Chama gani cha wakaazi kilipendekeza mtu wa bodi, na kilikutana lini? Kile kikao cha wananchi kinachotakiwa na sheria kimeitishwa?

Akishindwa kujibu, basi anakuuzia jina la cheo tu. Mtaro utabaki vile ulivyo.