Mfungo wa Wakristo wa Pwani: Kutoka Ngome ya Mombasa hata Mahakama ya Shanzu

Tangu Aprili 2023, habari za msitu wa Shakahola, ambako watu walidaiwa kufunga hata kufa, zilipoenea, na hasa tangu mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walipoanza kusimamishwa mbele ya hakimu katika Mahakama ya Shanzu, zimezuka miongoni mwetu kauli mbili ambazo, ingawa watu wazisemao aghalabu hawapatani kwa jambo jingine lolote, zaelekea mahali pamoja. Ya kwanza yasema kwamba kufunga si dasturi ya Wakristo hata kidogo, bali wameiiga kwa jirani zao Waislamu. Ya pili yasema kwamba kufunga na kuomba ni bidhaa ya juzi na jana, iliyoletwa na wahubiri wa mikutano ya hadhara, na kwamba Wakristo wa zamani wa nchi hii walikula, wakashiba, wakasali. Washitakiwa wa Shakahola walikana mashitaka, na kuhukumu si kazi ya makala haya. Lakini taarikhi ya mfungo wenyewe ni kazi yetu, na imeachwa muda mrefu mno mikononi mwa watu wasioisoma.

Kauli ya kwanza haihitaji wino mwingi. Kitabu kidogo kiitwacho Didake, ambacho wanazuoni walio wengi hukihesabu kuwa cha karne ya kwanza au ya pili, chawaagiza Wakristo kufunga Jumatano na Ijumaa. Na maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, karibu karne tatu kabla ya Hijra, waliitaja Kwaresima kama jambo lijulikanalo na kila mtu. Wahabeshi wangali wakijinyima nyama na maziwa kwa siku nyingi za mwaka. Yatosha hayo.

Kauli ya pili ndiyo yenye mambo, kwani haijibiwi kwa vitabu vya Shamu na Misri ila kwa habari za papa hapa, nazo zimo katika maandiko ambayo Wakristo wa pwani hawayasomi na Waislamu wa pwani hawana haja nayo. Nasema juu ya ushahidi wa kiapo uliochukuliwa na wakuu wa Kanisa huko Goa baada ya maasi ya Mombasa ya mwaka 1631, ambao mwanahistoria Freeman-Grenville aliuchapisha kwa Kiingereza mwaka 1980. Msomaji anajua kisa kwa muhtasari: jinsi Sultani Hasan alivyouawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno na kichwa chake kupelekwa Goa, jinsi mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka ipatayo saba, alivyochukuliwa huko huko Goa akalelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akaozwa mke, kisha akarudishwa Mombasa kukikalia kiti cha baba yake chini ya jicho la kapteni wa ngome. Siku ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Agosti 15, 1631, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na baada ya hapo Wakristo wa mjini wakatakiwa kuchagua baina ya kusilimu na kufa.

Wanahistoria wa Kanisa wamemwita Yusuf murtadi, nao wanahistoria wa baada ya uhuru wamemwita shujaa, na kila kundi limeridhika. Mimi nawavumilia zaidi hawa wa pili, maana angalau wanakumbuka kwamba alikuwa mtoto aliyeuliwa baba. Lakini makundi yote mawili yamelipita jambo moja bila kulitazama, nalo ni kalenda. Ukipiga hesabu utaona kwamba Kwaresima ya mwaka 1631 ilianza Machi 5, na Pasaka ikaangukia Aprili 20. Ramadhani ya mwaka 1040 wa Hijra iliandama yapata Aprili 3. Yaani kwa muda wa zaidi ya wiki mbili, miezi minne tu kabla ya damu kumwagika, Mombasa nzima ilikuwa imefunga: watawa katika nyumba yao, waliokuwapo mjini tangu 1597, wakila mlo mmoja kwa siku pasipo nyama, na wenyeji wakingoja jua lizame. Na Juma Kuu lote, pamoja na Ijumaa ya mateso ya Bwana, liliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Katikati ya mifungo hiyo miwili alikaa mtu mmoja ambaye ilimpasa kuonekana akiushika mmoja, na ambaye habari za wakati ule zasema alianza kunong'onwa kwamba amepelelezwa akisali kwa kaburi la baba yake kwa namna ya Kiislamu. Sioni vigumu kumfikiria Yusuf katika mwezi ule wa Aprili, akijua kwamba kila tonge atakalotia au asilotia kinywani litakuwa na mtu wa kulihesabu. Wale wanaoandika kwamba aliasi kwa sababu ya matusi ya kapteni peke yake wanaandika kama kwamba binadamu hana tumbo wala dhamiri.

Agosti nayo ina yake. Mkesha wa sikukuu ile ya Bikira Maria, yaani Agosti 14, ulikuwa siku ya kufunga kwa sheria ya Kanisa zima la Kilatini, kwa hiyo waliouawa siku ya sikukuu yenyewe na siku zilizofuata, wapatao karibu mia tatu, Wareno na watoto wa pwani waliobatizwa hapa hapa, waliingia katika msiba wao wakitoka katika mfungo. Na wale waliokimbilia nyumba ya watawa walizipitisha siku zao za mwisho katika sala na maungamo. Hao wa pwani ndio ninaowasikitikia zaidi, kwa sababu hakuna aliyewaweka katika hesabu yake. Nenda leo katika lango la Ngome ya Yesu, uinue macho: utaona jiwe litajalo mwaka 1635, ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira ajisifu kwamba alikuwa na umri wa miaka 27, kwamba aliijenga upya ngome, akaadhibu Pate na Siyu, akawatoza kodi wafalme wa pwani, na hata vyeo na mapato aliyoahidiwa na mfalme wake ameyachonga. Neno juu ya wale waliokufa kwa ajili ya imani, hakuna.

Karne na nusu zilizofuata baada ya Waomani kuitwaa ngome mwaka 1698 naziruka, maana Ukristo haukuwa na makao hapa mpaka mmisionari Krapf alipofika mwaka 1844. Alipozikwa mkewe Rosina upande huu wa bara, na baadaye watumwa waliookolewa walipopewa makazi Frere Town mwaka 1875, mahali ambapo kengele yake iliacha jina la Kengeleni, Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilikuwa na orodha yake ya siku za kufunga, pamoja na Ijumaa zote za mwaka isipokuwa Krismasi ikiangukia siku hiyo. Walakini wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Krapf, watu wa mrengo wa kiinjili, walichelea mno watu wasije wakadhani kwamba wokovu hununuliwa kwa njaa, wakauachia mfungo dhamiri ya kila mtu. Ng'ambo ya bahari, Unguja, ndugu zao Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa kinyume kabisa: kwao kwenda kupokea Ekaristi ukiwa umekula lilikuwa jambo zito. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye baada ya mkutano wa wamisionari huko Kikuyu mwaka 1913 alimshitaki Askofu Peel wa Mombasa kwa uzushi, alikuwa na makali yasiyopendeza, lakini katika hili la kufunga nadhani alijua watu wa pwani kuliko wale wa Frere Town. Mtu aliyekulia katika mji unaonyamaza mchana mzima wa Ramadhani hawezi kuambiwa kwamba dini ni jambo la moyo tu.

Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda, na makanisa ya Kipentekoste yaliyoufuata, ndiyo yaliyoirudisha kauli ya kufunga na kuomba midomoni mwa watu, na ndiyo watu wayajuayo: siku 21 za Januari, kesha la Ijumaa, siku tatu kavu. Wapo Shanzu wafanyakazi wa mahoteli watokao zamu ya usiku wakaingia moja kwa moja katika maombi ya alfajiri, na wapo Wakatoliki ambao Ijumaa za Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba, hupitia kwa muuza mihogo ya nazi aliye kando ya njia kununua cha kufungulia. Mwaka 2023 Kwaresima na Ramadhani zilikutana tena kama zilivyokutana mwaka 1631, na muuzaji yule yule aliwauzia watu wa dini zote mbili, kila mmoja kwa saa yake.

Saa hiyo ya kufungua ndiyo niionayo katika kila kipindi cha taarikhi hii, hata pale watu walipogombana juu ya mengine yote. Mfungo ulikuwa na siku ya kuanza na siku ya kwisha, zilizojulikana na kila mtu kabla hajaanza. Ulikuwa na mlo wake. Na ulikuwa na watu usiowahusu. Zamani za wale watawa wa Mombasa sheria ya mfungo ilimshika mtu baada ya kutimiza miaka 21. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 yamshika tangu miaka 18 hata aingie mwaka wake wa 60, na hata amri nyepesi ya kuacha nyama haimgusi aliye chini ya miaka 14. Anayetaka kuuita mfungo wa Shakahola mwendelezo wa mfungo wa Wakristo wa pwani, na aanze kwanza kutueleza, miongoni mwa miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa msituni, watoto waliokuwamo walikuwa wanafanya nini huko.